Mkaguzi wa Majiko ya Wagonjwa

Kalamu Mbili hakuwa na ugonjwa wowote, lakini kila siku ya kliniki ya saratani ya damu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukaa kwenye benchi lililo karibu na dirisha la dawa. Alikaa mabega yameshuka, akivuta pumzi kwa taabu, akimpokea kila anayefika kwa "pole sana" iliyojaa huruma hadi pomoni. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na mfukoni zilichungulia kalamu mbili. Moja iliandika. Ya pili iliishiwa wino zamani, ila ilibaki pale kwa ajili ya heshima.

Biashara yake ilikuwa unga mwekundu aliouita Damu Mpya. Ndani yake mlikuwa na manjano, viazi vyekundu vilivyokaushwa, na magome ya mti ambao yeye mwenyewe hakuujua jina. Unga ulikwenda vizuri mpaka kinyozi mmoja alipouchanganya na vidonge vyake vya hospitali, macho yakageuka ya njano, akarudishwa wodini anatapika. Kalamu Mbili alisikitika kwa dhati. Kinyozi yule alikuwa mteja wa kila wiki, na hakuwahi kukopa.

Kwa hiyo asubuhi hiyo alikuwa benchini akitafuta riziki mpya, ndipo mfamasia alipomwita dirishani mzee mmoja, fundi saa. Mfamasia alikuwa na sauti ya kuuza samaki, kwa sababu nusu ya wagonjwa wake hawasikii vizuri na nusu nyingine hawataki kusikia.

"Baba, vidonge hivi unakunywa ukishakula, na glasi kubwa ya maji. Balungi usiguse."

"Hata kipande?"

"Hata kipande. Hata juisi yake. Linauzuia mwili kuivunja dawa, basi dawa inajazana kwenye damu mpaka inageuka sumu."

"Na majani ya kuchemsha aliyoniletea shemeji?"

"Hayo ndiyo mabaya zaidi. Kuna mitishamba inayoifukuza dawa mwilini kabla haijafanya kazi. Wewe unadhani umekunywa, kumbe umemwaga. Chochote cha chupa, cha unga au cha kidonge, niletee nikione kwanza."

"Maharage je?"

"Kula, baba."

"Embe?"

"Kula."

"Na shemeji?"

"Huyo mwogope," akasema mfamasia, akamwita mwingine.

Mzee akaondoka akiushikilia mfuko wake wa matunda mbali na mwili, kama aliyebeba nyoka. Kalamu Mbili akamsindikiza kwa macho, na moyo wake ukaanza kucheza ngoma. Miaka yote alikuwa anauza matumaini, bidhaa nzito, inayohitaji maneno mengi. Kumbe hofu inajiuza yenyewe! Tena ukiuza matumaini lazima uache chupa mezani kwa mtu. Ukiuza hofu, unaichukua chupa yake na bado anakushukuru.

Kabla jua halijafika utosini alikuwa amepata koti jeupe kwenye mitumba. Lilikuwa la mchinjaji, lakini madoa yalitoka kwa jiki. Akajinunulia glavu, na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, kinacholia pii. Jioni alikuwa jikoni kwa fundi saa, akijiita mkaguzi wa majiko ya wagonjwa, akikielekeza kipimajoto kwenye kabati.

Pii.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia. Kimesema nini?"

"Kimesema umeponea chupuchupu."

Akatoka na mabalungi, chupa ya shemeji, kopo la vidonge vya nguvu alivyoletewa mzee na mwanawe aliyeko ughaibuni, na ada ya ukaguzi. Mzee alimsindikiza hadi barabarani akimwombea maisha marefu. Kesho yake kopo lile lilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye ukumbi wa mazoezi, likiuzwa kwa vijana wanaotaka vifua vipana. Chupa ya shemeji iliishia saluni, ikawa ya kung'arisha ngozi. Yale mabalungi Kalamu Mbili aliyala mwenyewe, kwa kuwa damu yake haikuwa na kesi yoyote.

Na hapa haki itendeke, hata kwa tapeli. Kwa wiki kadhaa wagonjwa aliowakagua walipata nafuu kweli. Vile vikorokoro vya ndugu, jamaa na majirani vilitoka majumbani mwao, na dawa ya hospitali ikabaki peke yake kufanya kazi yake. Hakuna mtu katika mji ule aliyetenda mema mengi kiasi hicho bila kukusudia hata moja.

Lakini tamaa haina breki. Kutoka kwenye virutubisho akahamia kwenye asali, kutoka asali hadi mafuta ya kupikia, halafu siagi ya kopo na nyama iliyokuwa kwenye friji. Kwa mwalimu mmoja mstaafu aliondoka na blenda.

"Blenda nayo imekosa nini?" mwalimu aliuliza.

"Imesaga balungi, mama. Chuma hakisahau."

Ndivyo sifa zake zilivyofika kwa Mama Vitambaa.

Mama Vitambaa alikuwa mjane mwenye duka la nguo, mwanamke aliyebishana bei maisha yake yote na hakukumbuka kushindwa. Naye alikuwa akinywa vidonge vile vile. Alimpokea Kalamu Mbili sebuleni, amejifunika shali, sauti imefifia kama redio inayokwisha betri.

"Karibu, mwanangu daktari."

"Mkaguzi, mama. Daktari anatibu. Mimi nazuia."

"Mungu akubariki. Nina mkwe, mume wa binti yangu. Aliingia kwenye biashara ya virutubisho, akajaza stoo yangu. Kila akija ananiambia, mama kunywa, damu itajaa. Ninywe, nisinywe?"

"Usithubutu! Nipeleke huko stoo."

Mlango ulipofunguliwa, Kalamu Mbili ilibidi ajishike kwenye fremu. Maboksi yalipangwa toka sakafuni hadi darini. Makopo yenye vifuniko vya dhahabu, picha ya mzizi wenye umbo la mtu, maandishi ya lugha isiyosomeka, yaani ile inayouzika kuliko zote. Alikitoa kipimajoto. Kililia bila hata kuelekezwa popote.

"Mama," alisema kwa sauti ya msibani, "nyumba hii ni bomu. Vyote vitoke leo hii."

"Vitoke tu, mwanangu. Ila alikuja mwenzako jana."

"Mwenzangu nani?"

"Mkaguzi. Kijana wa tai, mwenye mkoba. Alisema atavichukua, tena atanilipa mimi, ili mkwe asinigombeze. Nimemwambia arudi leo alasiri."

Damu ilimpanda Kalamu Mbili kichwani. Alikasirika kwa uchungu wa kweli, uchungu wa mtu mwaminifu.

"Huyo ni tapeli, mama! Mji huu umeharibika. Mtu anajivika tai, anaingia kwa wagonjwa na kuwaibia! Mkaguzi gani anayelipa?"

"Hata mimi nilishangaa," Mama Vitambaa akasema, akikohoa kidogo. "Lakini nimeshatoa ahadi. Labda na wewe ungekuwa na chochote cha kumtuliza mkwe..."

Wakabishana. Kila Kalamu Mbili alipotaja kiasi, mama aliangalia saa ya ukutani na kusema kijana wa tai huwa hachelewi. Kila alipoongeza, mama alikohoa. Alipofika mwisho wa mfuko wa suruali akaingia mfuko wa koti, na alipomaliza mfuko wa koti akavua soksi. Mapato yote ya ukaguzi, tangu kwa fundi saa, yakaingia ndani ya shali na hayakuonekana tena.

"Na nyumba yangu sasa?" mama akauliza, boksi la mwisho lilipokwisha kupakiwa kwenye pikapu. "Ni salama? Mpangaji wangu awe shahidi."

Mpangaji, mama mmoja mshonaji, akaitwa kutoka chumba cha uani. Kalamu Mbili akazunguka stoo tupu kwa kipimajoto chake, kifua mbele.

"Natamka rasmi," akasema, "kwamba katika nyumba hii hamna, wala sijakuta, kirutubisho hata kimoja."

Akaondoka na pikapu hiyo, aliyoikodi kwa ahadi ya kulipa jioni, maboksi yamefungwa kwa kamba, akipiga hesabu za ukumbi wa mazoezi na saluni tano. Hakufika mbali. Kwenye njia panda alisimamishwa na gari la mamlaka ya dawa, wakashuka mwanamke mmoja na sajenti wa polisi.

"Sisi ni wakaguzi," mwanamke akasema.

"Karibuni sana, wenzangu," Kalamu Mbili akajibu, na kumpa mkono wenye glavu.

Mwanamke hakuupokea. Alikata kamba, akatoa kopo moja, akaligeuza. "Haya ndiyo tunayoyatafuta. Yamepigwa marufuku tangu mwezi uliopita. Yanaharibu ini, na wanaomeza dawa za saratani ndio yanaowaua kabisa. Ya nani?"

"Si yangu! Ya Mama Vitambaa. Mpigieni!"

Wakampigia, simu ikawekwa spika. Sauti iliyopokea haikuwa imefifia hata kidogo. Nyuma yake mkasi ulisikika ukikata kitambaa.

"Makopo? Kwangu? Hapana, mwanangu. Nyumba yangu imekaguliwa leo leo na mkaguzi, bwana mmoja mwenye kalamu mbili. Ametamka mbele ya mpangaji wangu kwamba hakukuta kitu."

"Mama, umenimaliza!" Kalamu Mbili akalia. "Na yule kijana wa tai?"

"Kijana gani? Pole, mteja ananisubiri." Simu ikakatwa.

Hapo ndipo alipoelewa. Mkwe alikuwa na mzigo unaotafutwa na serikali, na mama mkwe alikuwa na stoo yenye mzigo huo. Kuutupa ilikuwa hatari, kuuchoma kungeleta moshi na maswali. Kilichotakiwa ni mpumbavu wa kuubeba kwa gharama yake mwenyewe, na mpumbavu huyo alikuja akiwa amevaa koti.

Hata hivyo Kalamu Mbili hakuwa wa kukata tamaa kirahisi. Kukutwa na makopo ni faini. Kuyauza ni jela. Njia nzima hadi kituoni aliapa kwamba yote ni ya matumizi yake binafsi.

"Boksi zote hizi?" mwanamke wa mamlaka akauliza.

"Nina damu nyepesi sana."

Kituoni walimvua mkanda, viatu na kalamu zote mbili, wakamkalisha kwenye kiti mbele ya meza ya sajenti. Mwanamke wa mamlaka akatoka kwenda kuhesabu mzigo. Sajenti, mtu mnene mwenye uso wa upole, akasubiri mlango ufungwe. Kisha akasogeza kiti karibu na kuteremsha sauti.

"Ndugu yangu, hili si la kikazi. Mama yangu mzazi anaumwa saratani ya damu. Anakunywa vile vidonge. Sasa kuna jirani amemletea kopo kama haya haya, anasema ni salama kabisa. Mama ananiuliza mimi, na mimi sijui chochote." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Anywe, asinywe?"

Kalamu Mbili akafungua mdomo. Uongo wa aina tatu ulimjia kwa pamoja, kila mmoja na bei yake. Halafu akamkumbuka kinyozi, yale macho ya njano, na jinsi mkewe alivyokuwa akimkimbiza hospitali huku kamshika mkono.

"Asinywe, afande," akasema. "Hata tone. Balungi pia asile. Hilo kopo alipeleke kwa mfamasia alione."

"Jirani amemwapia ni zuri."

"Jirani hajui."

"Na wewe umejuaje? Una hakika gani?"

"Afande, usimpe mama yako," Kalamu Mbili akasema kwa uchungu. "Mimi ndiye ninayeyauza makopo haya."

Sajenti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa sana. Akafuta macho kwa leso. Kisha akavuta karatasi, akaiweka sawa mezani, akafungua kalamu.

"Rudia hapo mwisho," akasema, "polepole, niandike vizuri."

"Na mama yako?"

"Mama yangu? Yuko sokoni anauza vitunguu. Hajawahi kumeza hata panadoli."