Habari za Sherifu Léonce na Farasi wa Sydenham

Sogeeni, enyi wakazi wa maghorofa ya Albert Park hapa Durban, nanyi mnaosuka nywele na mnaofungua simu za watu kwa bisibisi. Zimeni redio, tulizeni watoto, leteni wino mweusi na karatasi iliyo safi, maana lipo jambo lililotendeka juu ya vilima vya Bluff ambalo haifai lipotee kama moshi wa mishikaki. Mola Karima, Mfungua ndimi, autie nguvu ulimi wa msimulizi, kwa kuwa habari yenyewe ni nzito: ni habari ya Léonce wa Uvira, Sherifu Mwenye Kofia Pana, Kitisho cha Majambazi, na jinsi alivyopanda farasi.

Huyu Léonce aliingia Durban mwanzoni mwa mwaka 2008, yeye na mkewe Agathe, akapata kazi ya kulinda magari mbele ya maduka. Mwezi wa tano wa mwaka huohuo watu wakawageukia wageni, na wawili hao wakalala juu ya maboksi katika ukumbi wa kanisa pamoja na wenzao wengi. Ghasia zilipotulia wakarudi kwenye chumba chao, lakini Léonce alirudi na mwendo mwingine. Alitembea ameinamisha kichwa, ubavuni mwa ukuta, kwa hesabu kwamba asiyeonekana hafukuzwi.

Ndipo majaliwa yakamleta Ladislaus, Mhaya wa Bukoba, mpiga picha za harusi, aliyekuwa na kamera moja na ndoto isiyomlaza: kutengeneza filamu za makauboi kwa Kiswahili. Siku moja alikuwa akirudisha gari nyuma, akamwona Léonce akimwelekeza kwa mkono mmoja ulionyooka. Akazima injini, akateremka.

"Ndugu," akasema, "mkono huo hukuumbiwa kuelekeza magari. Mkono huo umeumbiwa bastola."

Hivyo ndivyo mashujaa wanavyopatikana. Katika filamu ya kwanza Léonce aliigiza maiti, akafa vizuri hata nzi wakamwamini. Katika ya pili alikuwa jambazi asiyesema neno, katika ya tatu akasema neno, nalo lilikuwa "Ole wenu." Ulipofika mwaka 2011 nyota ya bati iling'aa kifuani pake, juu ya kizibao ambacho Agathe alikishona kwa pazia la zamani, naye akawa Sherifu. Texas ilikuwa Bluff, kwenye mchanga, kamera ikiipa bahari mgongo. Hata hivyo, katika filamu moja meli ya makontena ilipita taratibu nyuma ya jangwa, na hakuna mtazamaji aliyeuliza inakwenda wapi. Bastola ilikuwa ya plastiki. Farasi alikuwa pipa la mafuta ya kupikia, limefunikwa blanketi, likitikiswa na wanaume wawili waliolala kifudifudi, na kamera haikushuka chini ya kiuno cha Sherifu.

Lakini kofia ilifanya kazi yake. Watu wakaanza kumsalimu barabarani. Wamama wa Kikongo walimwita "Papa Shérif," na hata vijana wenyeji waliosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, walimnyooshea vidole viwili kama bastola wakisema, "Sharp, Sheriff." Na kichwa cha Léonce, kilichokuwa kimeinama miaka mitatu, kikanyanyuka kidogo kidogo kama mchicha uliomwagiwa maji.

Kisha msiba ukaja, nao ulitokea saluni. Agathe alikuwa akimsuka Antoinette, mwuza vitenge mwenye jicho la mwewe, huku filamu ikionyeshwa ukutani. Antoinette akatazama, akatazama tena.

"Ya Agathe, dada," akasema kwa upole, "farasi ya bwana yako haina miguu?"

Saluni ikacheka mpaka kitana kikaanguka. Kabla Jumapili haijafika, Albert Park nzima ilikuwa na jina jipya: Sherifu wa Pipa. Vijana wa robot hawakunyoosha vidole tena. Walitikisa viuno huku wameshika hatamu za hewa. Léonce akarudi kwenye ukuta wake.

Ladislaus akawaita wasanii wake katika baraza la vita, uani nyuma ya duka la simu, akasimama juu ya kreti la soda.

"Wasanii wenzangu," akanguruma, "tumedharauliwa. Filamu ijayo itaisha kwa Sherifu kupanda kilima juu ya farasi mzima, mwenye miguu yote, na kamera itaanzia kwatoni. Atakayempanda ndiye Sherifu. Asiyeweza atapigwa risasi katika onyesho la kwanza, na nitamzika vizuri."

Macho yote yakamgeukia Blaise, kinyozi kutoka Masisi, aliyekulia kwenye malisho ya mjomba wake na aliyekuwa akijambaza katika kila filamu akiingojea siku hii. Blaise akajifuta vumbi begani. "Miye farasi nilipanda mbele ya kujua kuandika," akasema.

Jumamosi ikafika na jua lake, na farasi akashuka kutoka kwenye trela pale Bluff. Alikuwa jike mzee wa rangi ya kahawa yenye maziwa, mali ya MaKhumalo, mjane wa Sydenham, ambaye humkodisha kwa sherehe za watoto. Mgongo huo ulikuwa umebeba mabinti wenye mabawa ya karatasi na wavulana waliotapika keki. Jina lake lilikuwa Princess.

Léonce hakuwahi kusimama karibu na farasi. Alidhani ni kama punda aliyenenepa. Alipoona kwamba bega la mnyama liko usawa wa kidevu chake, akarudi nyuma hatua tatu.

Blaise akatangulia. Hapana ubishi, alipanda kama mfalme: mguu kwenye kikuku cha tandiko, mruko mmoja, na huyo yuko juu, mgongo wima. Akapiga visigino. Princess hakusogea. Akavuta hatamu, akabembeleza kwa Kifaransa, akatukana kwa Kiswahili. Princess akasimama kama nguzo ya umeme. Blaise akakata kijiti. MaKhumalo akakichukua mkononi mwake, akakivunja, akamwonyesha ardhi. Blaise akashuka.

Ikawa zamu ya Léonce, naye hakuonekana. Agathe alimkuta nyuma ya trela, kofia mkononi.

"Mwambie Ladislaus anizike," akasema. "Miye nilianza kama maiti, naweza kumaliza vile."

Agathe akachuchumaa mbele yake. "Papa, sikiliza. Kule kanisani, juu ya maboksi, ulinishika mkono ukaniambia tutarudi nyumbani kwa mlango, hatutaingia kwa dirisha. Miye nilikuamini. Sasa iko farasi moja tu, na imezeeka. Nitakushikia kofia mpaka ufike juu. Ukianguka, tutaenda nyumbani wote wawili, kwa mlango."

Léonce akasimama. Na hapa, enyi wasikilizaji, vuteni pumzi, maana ngome ya nyama ilikuwa mbele yake. Aliposhambulia mara ya kwanza, aliteleza. Alipoishambulia mara ya pili, alivuka mno akatua upande wa pili, kwenye mchanga, na majambazi wakageuza nyuso kwa adabu. Ndipo akamwendea MaKhumalo, akamwinamia, akamwuliza kwa Kizulu chake cha kuvunjika: "Mama, yeye anapenda nini?"

MaKhumalo akamtazama kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi. "Eish," akasema, "anangoja wimbo. Miaka yote hiyo, yeye hutembea watoto wakiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Bila wimbo anajua sherehe haijaanza."

Likaletwa kreti. Léonce akapanda juu ya kreti, na kutoka kwenye kreti akajitupa kwa tumbo, akajikokota, akajigeuza, akakaa. Agathe akampa kofia, akaivaa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeungama, akaanza kuimba. Ladislaus akaitikia huku kamera yake ikianzia kwatoni. Majambazi wakaitikia. Maiti wawili, waliokuwa tayari wamepakwa damu ya nyanya, wakaketi na kupiga makofi. Mwishowe hata Blaise akaingia kwa sauti nzito ya kwaya, nayo ndiyo iliyowaongoza wote.

Princess akatega sikio, akatoa mguu.

Naye akapanda kilima. Léonce alikuwa ameshika manyoya ya shingo kwa mikono yote miwili, midomo ikiomba, lakini mgongo ukanyooka wenyewe, kwa sababu juu ya farasi hakuna pa kuinamia. Kileleni mnyama akasimama, akaanza kula majani, na Sherifu, ambaye hakujua jinsi ya kushuka, akabaki pale, kidevu juu, mchana wote wa Durban ukimtazama.

"Unasikia namna gani huko?" Agathe akauliza kutoka chini.

"Woga," akajibu. "Lakini ninaona mbali."

Basi na iandikwe, wazao wasije wakabishana: kwamba katika mwaka wa 2011, siku ya Jumamosi, mbele ya majambazi na maiti na mjane wa Sydenham, Léonce wa Uvira alipanda farasi mwenye miguu minne, akaenda naye umbali wa kama kutoka saluni hadi kwenye robot, na hakuanguka.