Vinu Vyangu na Mashine ya Kadenge

Jumatatu, 2 Septemba 1957

Balaa limeingia Kulesa! Kadenge, yule mwenye duka Garsen, kaleta mashine ya kukoboa mpunga, kaiweka kwake hapa kijijini. Unatia mpunga juu, unazungusha mkono wa chuma, mchele unatoka chini. Na mimi Enos, mchonga vinu pekee kijijini, nile nini? Vinu vinne vipya viko uani, havina mnunuzi. Mke wangu Florence kasema labda nijifunze kazi nyingine. Kwa umri huu! Nimemjibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nimeshakauka. Kasema hilo analiona.

Sina hofu lakini. Wanaotwanga zaidi hapa ni kina mama wazee, na wazee hawataki mambo mapya. Hasa Shangazi Tuneya, aliyenilea. Kila siku anasifu vinu vyangu mbele za watu. Huyo akikataa, kijiji kizima kitakataa.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango umeanza. Asubuhi nimepita mashamba ya kando ya mto, nikinong'ona kwamba mchele wa mashine unang'oa meno ya wazee. Nimesema habari imetoka Kipini. Habari ya mbali haina wa kuikanusha. Kina mama wakashika mashavu. Raha!

Alasiri raha imekwisha. Shangazi Tuneya katokea kwa Kadenge na kapu la mpunga. Wa kwanza kabisa! Nikamkimbilia kumwonya juu ya meno. Kafungua kinywa nitazame. Hamna hata moja.

"Basi mimi niogope nini?" kaniuliza.

Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Kisha wote wenye mapengo wakajipanga nyuma yake. Sikujua Kulesa ina mapengo mengi hivi.

Jumamosi, 7 Septemba

Vita vya wazi sasa. Nimemtaka Kadenge tushindane: kinu changu na mashine yake, kesho baada ya ibada. Kakubali huku anatabasamu. Simpendi mtu anayetabasamu hivyo. Nimemwomba Shangazi awepo kunisaidia, maana hakuna aliyemshinda kutwanga ujana wake. Kasema atakuwepo. Nimeshashinda.

Jumapili, 8 Septemba

Alikuwepo. Kakaa upande wa Kadenge, kashika mkono wa mashine.

Ikabidi nitwange mwenyewe. Mwanamume na mchi, mbele ya kanisa zima! Nikatwanga kwa hasira. Nusu ya mchele ikawa chenga, nusu ikarukia kuku. Halafu kinu kikapasuka. Kinu changu cha mkwaju! Jirani yetu Mama Gladys kaja na ungo, kwa upole kabisa, kaniuliza kama zile chenga anaweza kuwapelekea vifaranga wake.

Nikajifungia ndani. Baadaye Shangazi kaja na sahani ya wali na mafuta ya kupaka viganja vyangu, maana vilichubuka. Nikamwambia amenisaliti. Hakukasirika. Kainua mkono wake wa kulia nione. Ukafika usawa wa bega, ukakwama. Kajaribu tena, uso ukajikunja kwa maumivu.

"Vinu nilivisifu kwa sababu umechonga wewe, mwanangu. Kutwanga kwenyewe sikupenda hata siku moja."

Nikamuuliza mbona hakusema. Kasema angesema kama ningemuuliza.

Nimekula wali wote. Mzuri.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepita kwa Kadenge, kwa bahati tu. Mashine inachezacheza juu ya meza. Mpunga unamwagika, na Shangazi anaikandamiza kwa goti huku anazungusha. Anakohoa, anacheka, anaendelea. Sikuweza kutazama. Nimerudi nyumbani, nikabeba kinu kipya, nikakipindua juu chini, tukaifunga mashine juu yake kwa misumari ya parafujo. Imetulia kama jiwe! Kimo kinamfaa Shangazi akiwa amekaa kigodani. Kazungusha kwa mkono wa kushoto, kama anakoroga uji. Kadenge kanishika mkono mbele ya watu. Kasema kuna mashine nyingine mbili zinakuja, moja ya kijiji cha Wenje, na zote zitahitaji vigogo vyangu.

Huenda yeye si mtu mbaya.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekuwa mtu wa maendeleo. Kwa kweli nilikuwa hivyo tangu zamani. Kina mama wanamaliza kazi mapema, wanakaa mtoni wakipiga soga, na mabega ya Shangazi yamepoa kidogo. Leo kajifunga leso mwenyewe. Nimemweleza kila mtu kwamba bila kigogo changu mashine si kitu. Mzee Barnabas bado mkewe anatwanga, kasema wamezoea. Nimemkemea vikali. Nimemwambia mtu akikataa jambo jipya ameanza kuzeeka.

Jumatano, 18 Septemba

Balaa! Kadenge karudi na habari kwamba Garsen inaletwa mashine ya dizeli. Haizungushwi! Inanguruma yenyewe, inakoboa magunia kufumba na kufumbua. Na inakaa juu ya saruji, si mti!

Mchele wenye harufu ya mafuta! Kelele za kuharibu mimba za ng'ombe! Haiwezekani. Sisi watu wa mto tuna mila zetu, na mila yetu ni mashine ya mkono. Kesho nitapita mashambani kuwafumbua watu macho. Nitaanza na wazee, maana wao hawapendi mabadiliko.

Nimemtaka Shangazi awe upande wangu. Kaniuliza hiyo mashine inaanza kunguruma lini, na kama kuna mahali pa kukaa karibu aione vizuri.

Wazee wa siku hizi hawana msimamo kabisa.