Konveta Baridi Kuliko Zote Jibondo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jumamosi mwamba uliofungwa kwa uvuvi unafunguliwa, pweza watajaa. Friza ya kikundi cha kina mama wauza pweza inahitaji konveta ya kushusha volti 24 za betri ziwe 12. Tumeunda mbili: yangu, na ya Isdory, fundi wa kutoka bara. Mimi nimeweka diodi. Yeye mahali pake kaweka transista ya pili, ati diodi inakula umeme. Maringo tu! Bi Mwanaharusi, mwenyekiti wao, kasema atazishika kwa mkono: yenye joto ndiyo inayopoteza umeme. Mshindi ndiye fundi wa friza, ajira ya kudumu. Nimeshapata.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeijaribu nyumbani. Imeniunguza vidole viwili. Ya Isdory, nasikia, ni vuguvugu tu. Kubadili diodi? Kazi yote hiyo! Nimeifunga ndani ya sanduku la bati, barafu ya dukani pembeni. Kichwa changu kinafanya kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Bi Mwanaharusi kashika ya Isdory, kisha yangu. Baridi! Isdory kaomba tupime kwa mita umeme unaoingia na unaotoka. Nikasema mita haina mkono. Kina mama wakacheka.

"Kheri mwanangu, mbona hii inatoka jasho?" akauliza Bi Mwanaharusi.

Nikamjibu inajituma. Nimepewa kazi. Isdory kaondoka bila kuniaga, hana adabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Pweza tele, friza imejaa hadi mfuniko haufungi vizuri. Kufika saa nne barafu ya sandukuni imeyeyuka, bati linachoma. Nikachota barafu ndani ya friza nikaipoza konveta. Baada ya muda tena. Na tena. Friza ikapata joto, ikavuta umeme zaidi, konveta ikachemka zaidi, nikachota zaidi. Alasiri betri zikaisha chaji. Bi Mwanaharusi kanikuta mkono umo ndani ya friza.

"Pweza wetu ndio wanaoipoza mashine yako?"

Nikautoa mkono. Isdory kaitwa mbio na betri zake, kaokoa nusu. Nusu nyingine wameianika juani, itauzwa kwa bei ya kutupa. Kina mama hawakunitazama. Nimeona aibu sana, mpaka magharibi.

Jumapili, 10 Agosti

Isdory ndiye fundi wa friza. Nimelichunguza tatizo kwa makini na kosa nimelipata: friza ilikuwa moja. Kesho naenda Kirongwe, kuna wauza maziwa wanataka umeme. Nitawashauri wanunue friza mbili, moja ya maziwa, moja ya konveta.