Mzigo Mwepesi Niachieni Mimi

Jumatatu, 9 Februari

Binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi! Barua nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, dirisha likiwa wazi ili jirani asikie. Tatizo liko ukurasa wa pili. Aripoti kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na sanduku, ndoo na godoro lake. Asiye navyo hapewi kitanda, na nafasi anapewa mwingine. Nauli ya basi tunayo ya mtu mmoja, na mizigo inatozwa karibu sawa na abiria. Nimewaambia wasihangaike. Binti atangulie na basi, mizigo naileta mimi kwa pikipiki. Safari ya siku mbili tu. Mke wangu akaenda moja kwa moja kumwita shangazi yangu.

Jumanne, 10 Februari

Shangazi ana miaka sitini na mbili. Miaka ishirini ameuza mitumba minadani, marobota anabeba kwa pikipiki yake mwenyewe. Anasema tutakwenda wote, auze robota la sweta huko huko apate mafuta ya kurudi. Sikumwomba, lakini niliona nafasi. Pikipiki mbili, mizigo miwili. Sanduku la bati lina vitabu, sufuria na pasi, linavunja mgongo. Godoro ni la usufi. Nikawahi kusema, kwa heshima zote, kwamba dude kubwa kama godoro halimfai mtu wa umri wake, niachiwe mimi. Shangazi akacheka kidogo, akasema mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Nikamwambia ndiyo maana nimelichagua.

Mke wangu anasema mshono wa ubavuni umelegea, nilipeleke kwa fundi cherehani. Kutupa pesa! Kamba itashikilia. Na kamba nimeipata bure, ile ya kuanikia nguo. Bado hajajua.

Alhamisi, 12 Februari, mchana, kituo cha mafuta

Tumeondoka alfajiri. Lazima niandike jinsi Shangazi anavyofunga mzigo, maana sijaona kitu kama kile. Alitoa kila kitu sandukuni akapanga upya, vizito chini. Akalilaza kwenye keria, akalisogeza mpaka likagusa kiti, na robota lake la sweta na ndoo juu yake. Kisha akachukua mipira ya tyubu kuukuu, aliyoikata mwenyewe, akaivuta huku na huku bila haraka. Mwisho akalisukuma sanduku kwa goti. Pikipiki nzima ikayumba, sanduku halikusogea. Nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka kwamba tunashindana.

Mimi nililikanyaga godoro, nikavuta kamba mpaka jasho likanitoka. Mke wangu alikuwa uani anatafuta kitu. Niliwasha pikipiki haraka.

Safari ni tamu. Shangazi nimemwacha nyuma kabisa. Godoro linazidi kuwa jepesi kila kilomita, huo ndio ufungaji. Madereva wa malori wananipigia honi na kuniwashia taa. Nimewapungia mkono wote. Wanawake kando ya barabara walisimama wakashika vichwa. Sijawahi kusifiwa hivi maishani.

Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Mhudumu wa mafuta ndiye aliyeniambia. Aliuliza kwa upole shuka kubwa hivyo ninaipeleka wapi. Nikageuka. Mshono ulikuwa umefumuka ubavu mzima. Wanasema kamba hukatikia pabovu. Kamba yangu ilikuwa nzima, pabovu palikuwa godoro.

Nilikaa chini kwenye saruji. Mawazoni nilimwona binti yangu langoni mwa chuo, anarudishwa na barua yake mkononi kwa sababu ya baba mjanja. Nililia kidogo. Naandika ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Baada ya saa nzima Shangazi akafika. Usufi kwenye nyusi, usufi mpaka masikioni. Juu ya ndoo kulikuwa na magunia mawili yaliyojaa. Kumbe alikuwa nyuma yangu, anasimama kila penye kichaka, anaokota. Magunia alitoka nayo nyumbani. Nilipouliza alijuaje, akasema amenilea tangu nina miaka mitano.

Usufi haukutosha, mwingi ulikwenda na upepo. Shangazi akatoa sindano ya magunia, akafungua robota lake, akaanza kuzijaza sweta godoroni, moja moja, akizilaza vizuri zisifanye nundu. Nikamwambia hayo si ndiyo mafuta yake ya kurudi? Akasema mjukuu wake hawezi kulalia shuka. Kisha akashona. Mishono midogo, sawasawa, mpaka mwisho, na hakunisema hata neno moja. Ninampenda shangazi yangu. Sijawahi kumwambia.

Ijumaa, 13 Februari

Leo mizigo yote kafunga yeye. Sikugusa. Hakuna kilichosogea hata upana wa kidole. Langoni tumefika saa kumi kasoro dakika ishirini. Binti alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, macho mekundu. Msimamizi wa bweni akaliminya godoro kila kona, akasema hajawahi kuona lililojaa vizuri namna hii, ni kazi ya nani. Shangazi akajibu kwamba limeletwa na baba wa mtoto. Binti akanikumbatia mimi kwanza. Niliangalia viatu vyangu.

Jumamosi, 14 Februari

Leo tunarudi. Nimeahidi kugawana mafuta na Shangazi, pesa yake iko godoroni. Safari hii imenifundisha mengi. Kwa mfano, karibu na stendi kuna mama anauza mito ya usufi kwa bei ya kutupa, na kwetu bei ni mara tatu! Shangazi alikuwa akiagana na mjukuu wake, nikaona nisimsumbue. Nimenunua mito kumi na minane kwa pesa ya mafuta. Tutaiuza njiani, tujaze matangi yote mawili, na mke wangu apate kamba mpya. Nimeifunga mwenyewe, kwa kamba ile ile. Haina kosa, ilishathibitika.

Shangazi amerudi sasa hivi. Ameizunguka pikipiki yangu mara moja. Anakung'uta yale magunia yake mawili, anayakunja, anayaweka karibu, juu ya kiti.

Nimemwambia hatutayahitaji.