Malalamiko Kuhusu Kadi Zenye Namba ya Mama Mkwe

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi, mpenzi wa semina,

Salamu nyingi. Mimi ni yule fundi bomba anayekaa viti vya nyuma, karibu na birika la chai. Sina kawaida ya kuandika barua, mkono wangu umezoea spana. Lakini safari hii yamenifika shingoni, na naomba usome ukiwa umekaa.

Utakumbuka semina ya kutafuta wateja, uliposimama ukatuambia kwamba fundi asiye na kadi ya biashara ni sawa na mtu asiyekuwepo. Niliogopa sana kutokuwepo. Kesho yake nikaenda kuchapisha. Simu yangu wakati huo ilikuwa imetumbukia kwenye tangi la mteja, kwa hiyo mke wangu akashauri tuweke namba ya mama yake, ambaye tunaishi naye, kwani yupo nyumbani muda wote na simu yake haizimwi. Nikachapisha boksi zima, maandishi ya bluu, picha ya koki pembeni. Nikagawa kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha: benki, kliniki, saluni, hata msibani, Mungu anisamehe. Simu yangu ilikuja kupona, lakini kadi zilikuwa zimeshasambaa. Yaliyofuata ni haya:

1. Mama mkwe hapokei simu ya kazi, anapokea mgeni. Anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mgongo. Mtu aliyepiga kwa sababu maji yamejaa jikoni anajikuta anasimulia ugomvi wake na wifi yake, huku suruali imelowa mpaka magotini.

2. Akishawasikiliza, anawatibu kwa simu. Fungeni koki kubwa, fungueni kile kifuniko chini ya sinki, toeni nywele. Ujuzi huo kauokota mezani, mimi nikisimulia kazi zangu wakati wa kula. Siku hizi kazi nyingi zinaisha kabla sijavaa viatu, na wateja wanampigia tena kumshukuru.

3. Anachagua wateja. Meneja wa hoteli kubwa, ambaye nimemwinda mwaka mzima, alipiga akaanza moja kwa moja na habari za vyoo. Mama akamwambia, "Mwanangu, wewe huna salamu, na sisi hatuna fundi," akakata. Nilikuwa nimekaa palepale sebuleni na sikuthubutu hata kukohoa.

4. Ratiba yangu anaipanga yeye. Asubuhi napewa chai pamoja na maagizo: leo kwa mwalimu mkuu, kesho kwa daktari wa meno, usichelewe, na uchomekee shati maana nimeshawaambia una adabu.

5. Jina langu limekufa. Juzi nimepiga hodi kwa huyo daktari wa meno, aliyefungua mlango akageuka kuwaambia wenzake kuwa kijana wa Mama Mabomba amefika. Mwenyekiti, nina mvi. Nilikuwa natoboa kuta za mji huu wakati mama huyu hajui koki inafungwa upande gani.

6. Sasa katibu wako naye kapiga. Alikuwa ananitafuta mimi kuhusu kikao. Waliongea mpaka chaji ikaisha, na nasikia mgeni rasmi wa semina ijayo ni mama mkwe, atazungumzia namna ya kujenga mtandao wa kikazi. Mimi pia nimo kwenye ratiba. Nitambebea mkoba.

Utauliza kwa nini nisiichukue tu hiyo simu. Kwani wewe huna mkwe? Huyu mama nikikutana naye kwenye korido nageukia ukuta ili apite. Nitaanzia wapi kumdai namba yangu, ambayo ni namba yake?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, chama kipige marufuku kadi za biashara. Pia kiunde kamati ya kupita nyumba kwa nyumba kukusanya zangu, pamoja na zile zilizokunjwa kuzuia meza zisiyumbe. Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: uje wewe mwenyewe umwambie mama mkwe, siku ambayo mimi nimesafiri.

Nisalimie mhazini, fundi rangi mwenye utani, yule dada wa mapokezi na wote wa nyumbani kwako. Katibu usimsalimie.

Ni mimi, mwanachama wako, bado nipo ingawa kwa shida,
Fundi Bomba

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, na hakucheka. Ameniuliza kama nimesahau mama alivyokuwa tulipomleta hapa baada ya kumzika baba mkwe. Sijasahau. Alikuwa anakula kwa kubembelezwa, mapazia hataki yafunguliwe, na sauti yake tuliisikia akiitikia salamu tu. Hivi ninavyoandika yuko sebuleni, kwenye simu na mtu ambaye choo chake kimeziba, na wanacheka wote wawili. Basi maombi yangu nayafuta. Badala yake nielekeze kwa mchapishaji wa haraka, maana boksi linakaribia kwisha, na namba ibaki ileile. Jumapili watu hawapigi, na siku hiyo mama hushinda ameishika simu mkononi. Namba unayo. Kama kwenu kuna bomba linalovuja, mpigie, na kama hakuna, mpigie vilevile.