Vyuma Sita Nilivyovisugua

Alhamisi, Agosti 1997. Vilivyopotea: vipande sita vya chuma na heshima yangu. Jamani, leo nimeumbuka.

Mnajua tulimzika Mama kule Nansio mwezi uliopita. Tangu nirudi Mwanza mikono yangu haitulii. Nasugua. Nimesugua sufuria zangu, za jirani, mpaka bawaba za mlango. (Kwa Mama, sufuria isiyoonyesha uso wako ilirudi ziwani ikasuguliwe upya.)

Kazini mimi ni mfagiaji, katika karakana ya vipuri vya meli. Humo Dokta Koku anafanya utafiti. Ana mashine inayoyeyusha titania, unga wa madini, kwa moto mkali kupita ule wa kuchomelea, kisha inaurusha kwenye chuma ugande kama ngozi, chuma kisiliwe na kutu. Leo alikuja mgeni anayetaka kuinunua karakana. Akiridhika, chumba chetu kinabaki na watu wake saba. Asiporidhika, tunawafuata wenzetu waliopunguzwa.

Nilifika mapema. Mezani, ndani ya kitambaa cheupe, vipande sita. Vimekwaruzika, vimefubaa, kama vimetafunwa! Mgeni aonyeshwe aibu hii? Nikachukua msasa laini, nikamalizia kwa majivu. Viling'aa! Nikavipaka mafuta visishike kutu, nikavifunga tena kwenye kitambaa. (Nilijisifu. Naungama.)

Saa nne mgeni akaingia. Mzee Masatu, fundi wa mashine, tayari na miwani yake myeusi, akavibana, akawasha. Mlio! Mwanga! Vikatoka na ngozi nzuri ya kijivu. Dokta akagonga kimoja kwa nyundo, kuonyesha uimara.

Ngozi ikabanduka yote. Kama ganda la yai la kuchemsha!

Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu kilibanduka hata hakijaguswa.

Mgeni akafunga daftari. "Kwa hiyo mashine yenyewe ndiyo hii?"

Dokta jasho linamtoka. "Labda unga umeingia unyevu. Labda mashine..."

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, ufagio kwenye mkono mwingine. "Dokta, si mashine. Ni mimi. Nilivisugua."

"Ulivifanya nini?"

"Nilivisugua. Vilikuwa vibaya. Nikavipaka mafuta."

"Mafuta gani, dada?"

"Ya pamba. Kidogo tu."

Mzee Masatu akakaa chini sakafuni. "Mama we! Jana kutwa navipiga mchanga vikwaruzike! Ngozi inashika kwenye mikwaruzo, wewe umevinyoa ndevu!"

Mgeni akaanza kucheka. Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza kama kuna ambavyo sijavifikia.

Viwili vilikuwa kwenye droo. (Ningejua, navyo ningevimaliza.) Vikapulizwa unga. Safari hii mgeni alishika nyundo mwenyewe. Akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu. Ngozi haikuachia.

"Chumba kibaki," akasema. "Na huyu dada abaki. Ila meza hii asiisogelee."

Nikatoka nje. Mzee Masatu akanifuata na sufuria ya chai ya karakana, nyeusi kwa masizi ya miaka.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Mikono ikikuwasha, hii hapa."

Nimeisugua jioni hii ukingoni mwa ziwa mpaka nikajiona. Nilikuwa nacheka, mara ya kwanza tangu Nansio. Ninyi msicheke.