Mimi Ndiye Nchi Jirani ya Mke Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

Na hilo ndilo nililokuwa namalizia kukueleza kabla simu haijakatika, au hujaikata, Mungu ndiye ajuaye: kwamba mwanafunzi wako uliyempeleka ng'ambo kwenye kozi ya likizo ya sheria ya kimataifa ni mke wangu, tena mpya kabisa. Zawadi nyingine za harusi hatujazifungua. Nikisikia sauti yake, mimi fundi wa friji, nasahau nilikuwa nafunga skrubu ipi.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Kozi hiyo ina mahakama ya mazoezi. Mke wangu anatetea nchi inayogombea mto na jirani yake. Kila jioni alikuwa akinipigia tujaribu hoja, mimi nikiwa nchi jirani. Nilikuwa jirani mwema. Alipodai mto, nilimwambia chukua, roho yangu, mto ni kitu gani kati yangu na wewe? Kesho yake akataka visiwa viwili. Nikampa, nikamwongezea na bandari.

2. Mwalimu wake amesema hajui kujibu hoja ngumu kwa sababu jirani yake ni mlegevu, na akishindwa siku ya mwisho hapati cheti. Basi nimevuliwa unchi! Nafasi yangu amepewa mwanafunzi mwenzake, mrefu, mwenye sauti nzito. Mheshimiwa, mtu na mke wa mtu wakigombea mto kila jioni kwenye baraza ya hosteli, mto huo unaelekea wapi?

3. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, huja karakanani kwangu, hukalia friji bovu na kunicheka mbele ya wateja: "Shemeji, wewe ni nchi au mkeka?"

4. Ndoa ni mkataba wa pande mbili. Anayesafirisha upande mmoja amevuruga amani. Kwa hiyo naomba kitivo kitamke kuwa chumba na sebule yangu ni nchi kamili, mimi ni rais wake, na mke wangu ni balozi aliyeitwa nyumbani haraka kwa mashauriano. Kumpinga mwanamke yule, hata kwa kuigiza, mdomo wangu haukubali. Kupenda ni kukubali, basi.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi anayesema kila siku uko mkutanoni.

Wako mwenye ndoa mbichi,
Fundi Friji

Baada ya saini: Sijafunga bahasha, mke wangu amepiga. Yule mrefu naye jana kamwachia mto! Na visiwa! Damu ikanipanda. Nikamwambia mimi mto sitoi, na bandari yangu irudi leo hii. Kisha, Mheshimiwa, alinishukia! Kifungu baada ya kifungu, sauti juu, akaniita mkaidi, akacheka mpaka akakohoa, akasema nipige tena kesho, tena nije na hoja. Tangu nizaliwe sijapendwa hivi. Tafadhali futa yote ya hapo juu. Usimrudishe mpaka ashinde, na kozi nyingine ikitokea, mwandikishe. Nitafika mwenyewe ofisini kwako kabla mwezi huu haujaisha, kukushukuru, na kukueleza taratibu kwa nini mto ule ni wangu.